Chambo cha Kilombero na Kambamiti wa Masanja

Nyie vijana wa idara mlioniomba niandike, naanza kwa kuwaonya. Mnadhani mtu akistaafu kazi ya ofisi ya uvuvi anaondoka na hekima mkobani. Mimi nimeondoka na buti za mvua, mizani ya kuning'iniza iliyoshika kutu, na maswali ambayo sikuyapatia majibu. Nimekaa hapa kwangu Mlabani siku kadhaa nikijaribu kuyapanga, na kila nikianza najikuta nimerudi kwenye bwawa la Masanja kule Michenga. Tutafika huko. Lakini acha nianzie mwanzo, maana bila mwanzo hamtaelewa kwa nini mtu mzima mwenye uzoefu wangu alichanganyikiwa kiasi kile. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo havikuwa vingi, na mshahara mnaujua wenyewe.

Mimi ni mtoto wa milimani, upande wa Mahenge. Kuogelea sikujua, na chuoni niliomba misitu. Nikapewa samaki. Mpaka leo hakuna aliyenieleza kwa nini, na nilipopata ujasiri wa kuuliza, waliohusika walikuwa wameshastaafu. Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa kwa Bwana Otmar, mzee wa Kipogoro aliyekuwa msaidizi wa uvuvi hapa Ifakara tangu enzi ambazo hata yeye alizikumbuka kwa kubahatisha. Alinitazama kuanzia chini.

"Binti, viatu hivyo umevivaa kwenda harusi ya nani?"

Nilivivua kabla hatujafika kivukoni. Wakati huo daraja halikuwepo, tulivuka kwa pantoni kwenda upande wa Lupiro kukagua nyavu, na mimi nilishika chuma cha pembeni safari nzima nikiwa nimefumba macho. Otmar aliniambia kwamba mto haumjui mtu aliyefumba macho wala aliyefumbua, kwa hiyo afadhali nifumbue nione kitu.

Alinifundisha mambo ambayo hayakuwa kwenye daftari la chuo. Wavu upime ukiwa umelowa, kwa sababu mkavu hukudanganya. Mvuvi usimuulize amevua wapi, muulize jana alikula nini, kisha nyamaza. Na kila ukifika kambini, kabla ya salamu kuisha, angalia kopo la chambo. Humo utaona mwezi mzima wa mvuvi: kama ana nyungunyungu wanono ujue amelima, kama ana vipande vya sabuni ujue ameishiwa na anawatafuta kambale kwa harufu.

Jambo moja alilonionyesha kuhusu chambo nilicheka nilipoliona. Wavuvi wa mishipi, wakimaliza kuvua, kilichobaki kwenye kopo hawarudi nacho. Wanaosha mikono na kukimwaga majini palepale, au kwenye maji ya mwisho watakayovuka kabla ya kufika kwao. Wanasema chambo kikilala ndani ya nyumba, samaki wanaijua nyumba ile, na ndoana za mwenyewe hazitashika tena. Nilimuuliza Otmar kama anaamini.

"Sikuambii uamini," alisema. "Nakuambia ujue."

Nilijua. Nikaliweka kichwani pamoja na mambo mengine mengi ya wavuvi, na miaka ikapita. Otmar tulimzika. Daraja likajengwa. Nikahangaika na makokoro, na watu wanaotia sumu kwenye madimbwi, na ng'ombe wanaokanyaga mazalia ya perege, na mafuriko ambayo kila mwaka yalikuja kama jambo lisilowahi kutokea. Nikajifunza pikipiki nikiwa na umri wa kuitwa bibi, nikaanguka nayo Lupiro sokoni mbele ya wavuvi ambao asubuhi ile ile niliwachomea nyavu. Walininyanyua kwa heshima zote, kisha wakacheka mpaka jioni.

Sasa Masanja. Huyu ni mzee wa Kisukuma, alikuja bondeni kutoka kanda ya Ziwa akiwa na ng'ombe wengi na sauti kubwa, akahamia Michenga. Tulianza kama maadui, maana ng'ombe wake walikunywa maji mahali nilipopakataza. Kisha siku moja akaja ofisini akiwa amevaa koti, akakaa, akasema anataka kufuga kambamiti.

Nilidhani nimesikia vibaya. Kambamiti wa maji baridi wapo, wanafugika, nilikuwa nimesoma habari zao. Lakini mtu wa kuniletea habari hiyo sikutegemea awe Masanja. Alikuwa amesikia redioni. Aliuza ng'ombe, akachimba bwawa kando ya njia inayotoka mtoni, na vifaranga vikaja kwa basi kutoka pwani ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, vidogo kiasi kwamba mkewe aliuliza kama mifuko ina kitu. Masanja aliwachunga kama alivyochunga ng'ombe. Alfajiri anasimama ukingoni na fimbo yake, anawaamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," anasubiri kidogo kama vile watamjibu, ndipo anawalisha. Watu wa Michenga walikuja kumtazama yeye kuliko kutazama kambamiti.

"Mayu," alikuwa akiniita, kama Wasukuma wanavyomwita mama, "ng'ombe akiugua najua. Anainamisha masikio. Hawa nitawajuaje?"

Nikamwambia watakuja ukingoni mwa maji, watakataa chakula, na mgongoni unaweza kuona madoa meupe. Nilimwambia kwa kujiamini sana, kwa sababu nilikuwa nimeona picha.

Agizo la chambo lilikuja mwaka wangu wa mwisho kazini, kwenye kundi la simu la ofisi, kati ya tangazo la msiba na picha ya keki ya mtu. Lilisema kambamiti wa baharini, hata waliogandishwa, wasitumike kama chambo, kwa kuwa wanaweza kubeba ugonjwa unaoua kambamiti na kuenea kwa kaa na jamaa zao wote. Binadamu haumdhuru, na moto wa kupikia huuua. Lakini barafu haiuui. Nilisoma mara nyingi. Bahari iko mbali na Ifakara, na mimi wavuvi wangu walitumia nyungunyungu. Nikaona agizo hili ni la watu wa pwani, limepotea njia.

Nikaenda sokoni kununua mboga, nikakuta vichwa vya kambamiti kwenye beseni.

Mfanyabiashara mmoja wa samaki alinieleza bila hata kujificha. Makasha ya barafu yanaondoka Ifakara na kambale na perege kwenda Dar es Salaam, na yanarudi matupu. Kijana wa kule alianza kurudishia vichwa vya kambamiti vinavyotupwa na wenye hoteli, bure kabisa, akidhani watu watapikia mchuzi. Mchuzi haukupata wateja. Wavuvi wa mishipi ndio waliokuja kuvinunua, baada ya mmoja wao kugundua kwamba kitoga, yule samaki wetu wa sharubu, akinusa kichwa cha kambamiti anaacha adabu zote.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu na mboga nimesahau. Maji yetu yanajulikana yanakokwenda: Kilombero inaingia Rufiji, na Rufiji inamwagika delta, kwenye mikoko, ambako kambamiti wenyewe wanazaliana na maelfu ya watu wanaishi kwa kuwavua. Njiani kuna kaa wa mtoni, kuna madimbwi, na kuna bwawa la Masanja. Je, ugonjwa unaweza kusafiri njia yote hiyo ndani ya kichwa cha kambamiti kilichotundikwa kwenye ndoana? Nilimpigia simu mtaalamu mmoja, akasema inawezekana. Nikampigia mwingine, akasema haijathibitishwa. Nikawauliza wote wawili nifanye nini, wakasema nichukue tahadhari.

Nikachukua tahadhari. Nilizunguka kambi zote nilizoweza kuzifikia, pande zote za mto, nikiwa na Ponsian, mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi, Mpogoro mwenye maneno machache na kofia moja. Niliwaeleza wavuvi kwamba vichwa vile visitumike tena, warudi kwenye nyungunyungu na samaki wa hapahapa, na yeyote aliyebakiwa na vichwa asivimwage mtoni hata kidogo. Avifukie mbali na maji na aweke chokaa. Walinisikiliza vizuri mno. Hakuna aliyebisha. Vijana wangu, wavuvi wasipobisha, simamisha pikipiki ugeuke. Mimi sikugeuka, niliondoka nimefurahi. Beseni la sokoni likatoweka, makopo ya chambo yakajaa nyungunyungu, na kila nilikopita niliambiwa, "Mama, mto hatujautia kitu."

Na kweli hawakuutia.

Mawingu ya mvua za kwanza yalipoanza kukaa juu ya milima ya Udzungwa, Masanja alinipigia simu. Sauti kubwa haikuwepo.

"Mayu, wameinamisha masikio."

Nilifika nikakuta kambamiti wamejipanga ukingoni, wamelegea, wengine wamegeuka chali. Baadhi yao nikaona madoa meupe. Wengine sikuyaona, na wengine nilidhani nimeyaona, nikainua miwani, yakapotea. Bwawa lile halikuwahi kuguswa na ndoana. Maji yake yalitoka kisimani, siyo mtoni, nilimshauri mwenyewe, na onyo la chambo sikumpelekea kwa kuwa havui. Mto wote niliolinda ulikuwa salama kwa kadiri nilivyojua, na ugonjwa umetua mahali pekee ambapo hapakuwa na mvuvi. Nilisimama pale nikiwa sielewi chochote. Nilihisi kama mtu aliyefunga milango yote ya nyumba kisha akamkuta mwizi amelala kitandani.

Nikamuuliza Masanja anawalisha nini.

"Kile kile ulichoniambia. Na zile zawadi."

"Zawadi zipi, mzee?"

"Za wavuvi. Wanapita hapa jioni wananiachia vile vichwa. Watu wema sana hawa, mayu. Zamani hata salamu walikuwa hawanipi."

Nilimtuma mtu amwite Ponsian. Alikuja amevua kofia. Nilimuuliza kwa ukali ambao sasa naona haya kuukumbuka, ilikuwaje.

"Mama, ulisema visirudi mtoni. Havikurudi mtoni."

"Nilisema mvifukie!"

"Kufukia chakula, mama?" Aliuliza kwa mshangao wa kweli. "Mtu ana mifugo inakula kitu kile kile, anakaa njiani kabisa, halafu mimi nikifukie? Na nyumbani huwezi kwenda nacho, unajua mwenyewe."

Nilijua mwenyewe. Otmar alinionyesha. Maji ya mwisho kabla ya kufika nyumbani, kwa watu wanaotoka mtoni kwenda Michenga, yalikuwa bwawa la Masanja. Nilikaa chini kwenye tope na suruali yangu ya kazi. Mpaka leo nikijaribu kutafuta nani alikosea, kidole hakipati pa kukaa. Wavuvi waliulinda mto. Masanja alipokea zawadi. Mimi nilitekeleza agizo. Kila mtu alifanya jambo la busara na kambamiti walikuwa wanakufa.

Kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Lile ni bonde la mafuriko. Mvua zikishika, maji ya mto yangepanda na kulifunika bwawa, na kilichomo ndani kingekwenda zake kuelekea Rufiji bila kuuliza mtu. Kulifungulia siyo jibu, mfereji wake unaingia mashamba ya mpunga na kutoka hapo mtoni. Njia ilikuwa moja: kuziba kila tundu, kutia klorini, kuua kila kilichomo, kisha kuwafukia kwa chokaa. Na wakati huo zaidi ya nusu ya kambamiti bado walikuwa hai, wakubwa, wamekaribia kuvuliwa. Masanja aliomba tusubiri wenye nguvu wajulikane. Sampuli nilikuwa nimeipeleka maabara mjini kwa basi, kwenye kasha la barafu, kwa sababu spiriti ya kuhifadhia hatukuwa nayo. Majibu yalikuwa hayajaja.

Tulikaa chini ya paa la zizi lake, Masanja, mkewe na mimi. Mvua ilikuwa inanyesha milimani, tuliiona.

"Mayu, una hakika ni ule ugonjwa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa na cheo cha kusemea ndiyo, na pengine ingemrahisishia. Lakini sikuwa na hakika na aliniuliza akiwa ananitazama usoni.

"Sina, mzee."

"Una hakika ukiwaua utaokoa hao wa baharini?"

"Nayo sina."

Mkewe alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyeishiwa. Masanja alichora chini kwa fimbo muda mrefu. Akasema ng'ombe wake waliwahi kuugua kule kwao, akangoja, na kutoka kwake ugonjwa ukaenda kwa ndugu zake wote. Hawakumlaumu. Akasema kutolaumiwa kulimuuma kuliko kulaumiwa.

"Leta dawa," alisema. Akaondoka kwenda kuwaangalia ng'ombe ambao hawakuhitaji kuangaliwa.

Tuliifanya kazi hiyo mimi, Ponsian na wavuvi wake, walewale wa zawadi, waliokuja bila kuitwa. Tulitandaza nyavu juu ya bwawa ili yangeyange wasichukue mizoga na kuidondosha kwenye mabwawa ya watu. Nyavu zenyewe zilikuwa za macho madogo, haramu kabisa, na niliwashukuru bila kuuliza wamezificha wapi miaka yote. Harufu ya klorini ilitukaba koo. Tulipomaliza kufukia, tulisafisha buti, ndoo na mikono kwa maji ya dawa, na kopo la chambo la Ponsian nalo likazamishwa humo, kwa hiari yake. Mvua kubwa ilikuja baada ya hapo, na bwawa likawa sehemu ya ziwa lililofunika Michenga nusu nzima kama kawaida.

Majibu ya maabara yalitoka nikiwa nimebakiza muda mfupi kustaafu. Basi liliharibika njiani siku ile, barafu ikayeyuka, sampuli ikaoza. Haikuweza kupimwa. Nilisoma sentensi hiyo kwa hasira, na sikujua nimkasirikie nani, dereva au barafu.

Maji yaliposhuka, nilikwenda kumwambia mwenyewe. Mambo kama hayo hayatumwi kwa simu. Nilimkuta Masanja uani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, nikamweleza yote bila kupamba. Alinyanyuka, akanipeleka nyuma ya nyumba, akafunua turubai juu ya pipa la plastiki.

Ndani kulikuwa na kambamiti. Wachache, wakubwa, wanatembea taratibu kwenye maji safi.

"Mwenye ng'ombe hawaweki wote zizi moja," alisema. "Wengine unampa ndugu akae nao. Mimi sikuwa na ndugu wa kumpa kambamiti. Niliwatoa kabla hujaja na dawa."

Sikumgombeza, ingawa nilipaswa. Niliinama juu ya lile pipa nikawakagua mmoja mmoja kwa miwani na bila miwani. Hawakuwa na doa. Walikula. Miezi yote ile walikuwa wamekula. Basi huenda bwawa halikuwa na ugonjwa kabisa, na mimi nilimuulia mzee huyu mali yake kwa sababu ya picha niliyoiona kitabuni. Au huenda walikuwa nao ndani yao, kimya, kama wengine wanavyoweza kukaa nao, wakisubiri mafuriko ya mwaka unaofuata. Macho yangu hayakuweza kutofautisha. Masanja alisimama pembeni, na nilijua anachosubiri: niseme wanaweza kurudi bwawani.

Nilitaka kulisema. Mjue hilo. Nililitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote kazini.

"Mzee," nilisema, "mwambie mama achemshe maji."

Alinielewa papo hapo. Alifumba macho, akafumbua, akaenda kumwita mkewe. Maji ya pipa niliyatia klorini mwenyewe. Tuliwachemsha kwa chumvi mpaka wakawa wekundu, na maganda tuliyatupa motoni. Masanja alishika wa kwanza, akamgeuza huku na huku bila kujua aanzie wapi, na hapo ndipo nilipogundua kwamba hakuwahi kuwaonja. Aliwafuga muda wote ule akiwasubiri wanenepe kwanza. Nilimmenyea. Alitafuna taratibu, machozi yakamshuka, na yangu pia yakashuka, wala sikuyaficha.

"Kumbe ni watamu," alisema.

Kisha akaniuliza, "Mayu, hawa walikuwa wagonjwa?"

"Sijui, mzee."

Akachukua wa pili, akammenya mwenyewe safari hii, akampa mkewe.